Ofisi tupu ziwe nyumba za watu

Mjini Biharamulo, mkoani Kagera, lipo boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Lilijengwa liwe ofisi na ngome kwa pamoja: karani akae humo na daftari la kodi, askari akae humo na bunduki. Mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo yakitokea upande wa Rwanda. Baada yao wakaja Waingereza, kisha Uhuru. Miaka ilivyosonga, kazi za utawala zilipata majengo mapya, boma likafanyiwa ukarabati, vyumba vikatiwa vitanda, na wageni wakaanza kulala pale palipokuwa na meza za maofisa. Jengo limezidi miaka mia moja na kuta zake bado zimesimama.

Mikindani, mkoani Mtwara, hali ilikuwa hiyo hiyo. Boma lililojengwa mwaka 1895 lilipoteza kazi yake ya awali baada ya makao ya utawala kuhamia Mtwara. Likachakaa hadi shirika la Trade Aid kutoka Uingereza lilipolikarabati na kuligeuza hoteli. Zanzibar nako, jengo la zamani la kampuni ya simu za waya pale Shangani, lililoitwa Extelecoms, leo ni sehemu ya hoteli ya Serena.

Mifano yote mitatu inathibitisha kwamba jengo la ofisi linaweza kulaza watu. Mapungufu yake ni kwamba imeishia kwenye hoteli, yaani kwa mgeni anayelala siku mbili akaenda zake. Mwalimu, muuguzi, karani wa benki, fundi simu na mwanafunzi wa chuo hawajapata kitu hapo. Wakati umefika wa kwenda hatua ya pili: ofisi za zamani za katikati ya miji, zile zilizohamwa au zinazotumika nusu, zigeuzwe nyumba za kupanga kwa watu wa kipato cha kawaida. Na kazi hiyo ianzie pale penye majengo mengi zaidi, Dar es Salaam, kisha ishuke hadi wilayani, ikiwemo Ngara na tarafa yake ya Murusagamba.

Dar es Salaam ilipataje majengo hayo matupu? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Kwa zaidi ya miaka 40 uamuzi ulibaki nusu njia: Bunge Dodoma, wizara Posta na Kivukoni. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali yake itahama kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia mwezi Septemba mwaka huo, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akafuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, ili asiwepo wa kuirudisha safari nyuma kwa tamko tu.

Wizara zilipoondoka, nyingi ziliacha kile kinachoitwa ofisi ndogo. Ghorofa iliyokuwa na idara nne ikabaki na watumishi wachache wa kupokea barua na kuhudumia viongozi wanapofika Dar es Salaam kikazi. Zaidi ya majengo ya Serikali yenyewe, kulikuwa na majengo ya watu binafsi na ya mifuko ya hifadhi ya jamii ambayo Serikali na taasisi zake zilikuwa wapangaji wakubwa. Wapangaji hao walipofunga virago, na wakati huo huo minara mipya ya vioo ikiendelea kukamilika, soko la ofisi katikati ya jiji likalegea na kodi zikashuka. Sehemu ya minara hiyo ilijengwa kwa michango ya wafanyakazi. Ghorofa isiyo na mpangaji ni fedha ya uzeeni ya mwalimu wa Rulenge, wilayani Ngara, iliyolala bila kuzaa.

Upande wa pili wa jiji hilo hilo, Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Viongozi wa Serikali wamekuwa wakitaja kwa miaka mingi upungufu wa nyumba milioni 3 nchini, unaoongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Mfanyakazi wa duka la Samora analala Mbagala, Chanika au Kibamba. Anaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala au mwendokasi, na anarudi nyumbani watoto wamekwisha lala. Akitaka kusogea karibu na kazi, dalali anadai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Usiku huo huo anapokuwa njiani kwenda Chanika, ghorofa nzima za Posta zimezimwa taa na unalindwa mlango tu.

Hapo ndipo hoja ilipo. Jiji lina nguzo, zege, ngazi, mabomba ya maji na nyaya za umeme vilivyokwisha lipiwa, na lina watu wasio na pa kukaa, na viwili hivyo vimetenganishwa na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati.

Mtu wa Murusagamba anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu mara mbili. Majengo ya wizara yalijengwa kwa kodi ya nchi nzima, ikiwemo kodi iliyokatwa kwenye kahawa ya Kagera. Na watoto wa Ngara na Biharamulo wanaokwenda vyuo vya Dar es Salaam, au kuanza kazi huko, ndio wanaolala wanne katika chumba kimoja cha kupanga Sinza au Mabibo kwa sababu nyumba za bei yao hazipo.

Watu wa majenzi wakisikia hoja hii huuliza swali la haki: ofisi na nyumba ni vitu viwili tofauti, utaziunganishaje? Ofisi ina vyoo vyote mahali pamoja, karibu na ngazi. Nyumba inataka choo, bafu na jiko ndani ya kila mlango. Ofisi ina mita moja ya umeme kwa ghorofa au kwa jengo zima. Kila mpangaji wa nyumba anataka LUKU yake, maana hakuna ugomvi unaovunja ujirani haraka kuliko umeme wa kuchangia. Ofisi hutumia maji kidogo na mchana tu. Nyumba hutumia maji asubuhi na jioni, watu wanafua, wanapika, wanaogesha watoto. Tangi la juu ya paa lililotosha makarani 100 halitatosha familia 40. Bomba la maji taka nalo lazima lipimwe upya, na mzigo mpya wa kuta, vigae na matangi lazima ukokotolewe dhidi ya nguvu ya nguzo za zamani.

Lakini kipingamizi kikubwa kuliko vyote ni mwanga na hewa. Jengo pana sana lina sehemu ya katikati isiyofikiwa na dirisha, na huwezi kumlaza mtoto katika chumba kisicho na dirisha. Katika jambo hili Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi ya Ulaya na Marekani haina. Majengo yake mengi ya ofisi ya miaka ya 1950 hadi 1970 yalichorwa kabla ya kiyoyozi kuwa kitu cha kawaida. Wabunifu wa zama hizo, akina Anthony Almeida na baadaye Beda Amuli, aliyechora Soko la Kariakoo, walijua kwamba bila upepo wa bahari jengo halikaliki. Kwa hiyo wakachora majengo membamba yenye madirisha pande mbili, baraza ndefu za nje, vizuia jua vya zege na kuta za matofali ya matundu yanayopitisha hewa. Ofisi ya namna hiyo ukiipangua kuta za ndani unapata nyumba yenye upepo unaopita toka mbele hadi nyuma. Minara ya vioo ya miaka ya karibuni ndiyo migumu kugeuza: madirisha yake hayafunguki, na bila kiyoyozi ndani panawaka moto.

Hili linageuza mawazo tuliyozoea. Tumezoea kuona jengo la mwaka 1962 kuwa la kubomoa na la mwaka 2014 kuwa la kutunza. Kwa makazi ya watu katika joto la pwani, mara nyingi lile la zamani ndilo lenye thamani.

Hata hivyo mwelekeo wa sasa ni kubomoa. Shirika la Nyumba la Taifa lilizindua upya sera yake ya ubia Novemba 2022, ili sekta binafsi ishirikiane nalo kuendeleza viwanja vyake vya mjini. Sera yenyewe si mbaya, na mtaji wa ndani kuingia katika nyumba ni jambo jema. Shida ni kwamba katika viwanja vya katikati ya jiji ubia mara nyingi huwa na maana moja: kuangusha kilichopo na kuinua ghorofa ndefu yenye maduka chini na ofisi au stoo juu. Kariakoo imekwenda njia hiyo kwa miaka 30. Nyumba za Waswahili zenye vyumba sita na ua zimekuwa magodoro, vitenge na maboksi ya simu hadi ghorofa ya tisa, na waliokuwa wakikaa humo wametawanyika pembeni mwa jiji. Nairobi nayo ina njia yake: ofisi nyingi za zamani za katikati ya jiji zimekatwakatwa kuwa vibanda vya biashara na madarasa ya vyuo. Biashara imepata nafasi, lakini makazi hayajapata hata dirisha moja.

Nje ya Afrika ipo miji iliyofanya jambo hili kwa makusudi, na inafaa kuisoma kwa uangalifu, mazuri yake na mabaya yake. New York ilianza mwaka 1995 kutoa nafuu ya kodi kwa wanaogeuza ofisi kongwe za kusini mwa Manhattan, na eneo ambalo jioni lilikuwa tupu likapata maelfu ya nyumba, shule na maduka ya vyakula. Hivi karibuni, jengo la 25 Water Street limegeuzwa kuwa nyumba takriban 1,300. Kwa kuwa lilikuwa pana mno, mafundi walitoboa mashimo mawili makubwa kutoka paa hadi chini ili mwanga ufike katikati.

Mfano ulio karibu zaidi na wa Dar es Salaam, ingawa kwa umbali ni wa mbali, ni Calgary huko Kanada. Mji ule ulimtegemea mwajiri mmoja, sekta ya mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia mwaka 2014, kampuni zikafunga ofisi na karibu theluthi moja ya nafasi za ofisi katikati ya mji zikabaki bila watu. Mwaka 2021 halmashauri ya jiji ikaamua kuwalipa wenye majengo dola 75 za Kanada kwa kila futi ya mraba ya ofisi itakayogeuzwa nyumba. Dar es Salaam pia ilikuwa na mwajiri mmoja mkubwa aliyehama, naye ni Serikali. Tofauti ni kwamba mwajiri huyu ndiye pia mwenye majengo mengi aliyoyaacha, kwa hiyo hahitaji kumbembeleza mtu. Anahitaji kuamua tu.

England ilifanya kosa ambalo Tanzania inaweza kulikwepa. Mwaka 2013 Serikali ya huko iliruhusu ofisi kugeuzwa nyumba bila kupitia kibali kamili cha mipango miji. Wafanyabiashara wakakata ofisi kuwa vijumba vidogo mno, vingine bila dirisha la kutazama nje, na humo zikapelekwa familia maskini. Ikabidi mwaka 2020 iwekwe sharti la mwanga wa asili, na mwaka 2021 sharti la ukubwa, ambapo nyumba ndogo kabisa ya mtu mmoja ni mita za mraba 37. Miaka saba ilipita kati ya ruhusa na sharti la kwanza, na watu waliishi ndani ya kosa hilo.

Kosa baya kuliko hilo lilitokea kusini mwa bara letu. Jengo la Usindiso lililoko namba 80 Albert Street, Johannesburg, lilikuwa ofisi ya pasi enzi za ubaguzi wa rangi, mahali Mwafrika alipokwenda kuomba ruhusa ya kuwepo mjini. Baadaye likawa hifadhi ya wanawake, kisha likatelekezwa, na watu wenye uhitaji wakaingia wenyewe, wakagawana vyumba kwa mbao na mapazia, wakavuta umeme kiholela, na kulipa kodi kwa watu ambao hawakuwa na haki ya kuipokea. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023 likashika moto. Watu zaidi ya 70 walikufa, wakiwemo wahamiaji kutoka Malawi na Tanzania. Jengo lilikuwa mali ya jiji.

Anayesema majengo matupu yaachwe hadi mpango mzuri upatikane aisome habari ya Usindiso mara mbili. Katika jiji lenye njaa ya nyumba, jengo likikaa tupu muda mrefu mtu ataingia. Swali ni kama ataingia kwa mkataba, akiwa na ngazi ya dharura na bomba la Zimamoto, au ataingia kwa kuruka ukuta.

Na wala si lazima kwenda Johannesburg kutafuta msiba. Machi 29, 2013 ghorofa iliyokuwa ikijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, iliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 ghorofa ya biashara ilianguka Kariakoo na kuua makumi ya watu. Taarifa za mwanzo zilitaja kazi iliyokuwa ikifanywa chini ya jengo ili kupanua eneo la biashara. Huko ndiko kugeuza jengo kusikotakiwa, kule kunakoanza na nyundo kabla ya mhandisi. Mkoa wa Kagera nao una sababu yake ya kulichukulia suala hili kwa uzito: tetemeko la Septemba 10, 2016 lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba Bukoba, Missenyi na jirani zake. Jengo lolote kongwe la ukanda huu likipewa kazi mpya, nyufa zake zikaguliwe kwanza na mhandisi aliyesajiliwa, na ripoti yake ibandikwe mlangoni watu waisome.

Sheria zipo. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inatoa utaratibu wa kubadili matumizi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inawezesha ghorofa moja kuwa na wamiliki wengi, kila mmoja na hati yake. Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ulioanzishwa mwaka 2002, una wabunifu na wahandisi wake, na marekebisho ya mwaka 2023 yameupa nafasi ya kushirikiana na sekta binafsi. Uwezo pia umeonekana: TBA ndiyo iliyojenga mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yaliyofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, kwa muda mfupi na kwa gharama iliyowashangaza wakandarasi binafsi. Ndiyo pia iliyojenga Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilizoondolewa kupisha ujenzi zilingoja kwa takriban miaka 10 kabla ya mradi kuzinduliwa Machi 2022.

Miaka 10 ile ni hoja kubwa ya kugeuza badala ya kubomoa. Familia ya Magomeni ilipoondoka, mtoto wa darasa la kwanza alirudi akiwa kijana wa sekondari. Jengo lenye nguzo tayari halihitaji kungoja msingi.

Sasa nani akae humo? Hapa ndipo watetezi wengi wa hoja hii hulegea, kwa sababu ni rahisi kukubali kwamba nyumba ziuzwe ili fedha irudi upesi. Nyumba hizi zisiuzwe. Tanzania ina kumbukumbu ya uuzaji wa nyumba za Serikali ulioanza mwaka 2002 katika Awamu ya Tatu, pale nyumba zenye viwanja vikubwa Oysterbay, Masaki na katika makao ya mikoa na wilaya zilipokwenda kwa watumishi waliokuwa wakizikalia kwa bei iliyolalamikiwa hadi bungeni. Baada ya hapo Serikali ikalazimika kujenga nyingine kwa ajili ya watumishi waliofuata. Ghorofa ya Kivukoni yenye kutazama bahari ikiuzwa itaishia kwa mtu mwenye nyumba nyingine tatu, naye ataipangisha kwa dola. Ipangishwe, kwa shilingi, kwa mkataba wa mwezi hadi mwezi au robo mwaka, na sehemu ya vyumba itengwe kwa watumishi wa hospitali, walimu wa shule za Ilala, askari wa Zimamoto na wanafunzi wa vyuo vilivyo karibu. Duka la chini libaki duka. Kodi yake kubwa isaidie kushusha kodi ya wanaolala juu.

Tuje nyumbani Kagera. Ngara inajua kuliko wilaya nyingi maana ya majengo kuhamwa. Aprili 28 na 29, 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia vita na mauaji. Walitua Benaco, mahali palipokuwa na kambi ya kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na jina hilo, na kwa miezi michache Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Mashirika ya kimataifa yakafuata na ofisi, maghala, karakana na nyumba za wafanyakazi. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudi kwao. Lukole, kambi ya Warundi, nayo ikafungwa zaidi ya miaka 10 baadaye, na mashirika yakaondoka. Baadhi ya waliyoyaacha yalipata kazi. Radio Kwizera, iliyoanzishwa na Wajesuti mwaka 1995 kuhudumia wakimbizi, iliendelea baada ya wakimbizi kuondoka. Benaco yenyewe ni mji wa madereva wa malori ya Rwanda na Burundi. Lakini kila mkazi wa wilaya anaweza kutaja jengo la zama hizo, au ofisi ya kata, au ghala la ushirika, ambalo sasa lina popo na mabati yaliyotoboka.

Na kitaifa, wimbi la kuhama ofisi limeshuka hadi chini. Oktoba 2019 Rais Magufuli aliagiza halmashauri ambazo ofisi zake zilikuwa nje ya maeneo yake ya utawala zihamie kwa wananchi wake. Tangu hapo nchi imeona majengo mapya ya halmashauri na ya wakuu wa wilaya yakizinduliwa mkoa baada ya mkoa. Kila uzinduzi una jengo la zamani lililoachwa nyuma, na hotuba za uzinduzi hazisemi jengo hilo litafanywa nini.

Murusagamba ni tarafa ya mpakani na Burundi, mbali na makao ya wilaya. Mwalimu au mganga anayepangiwa kazi huko anafika na begi na barua ya ajira, kisha anaanza kutafuta chumba. Akikosa chumba chenye choo na usalama, anaomba uhamisho, na darasa linabaki bila mwalimu wa hisabati. Kwa tarafa kama hiyo, ofisi ya zamani ya vyumba vinne yenye paa zuri ni nyumba mbili za watumishi. Kuitia jiko, bafu, tangi la maji ya mvua na umeme wa jua ni kazi ya mafundi wa hapo hapo. Kwa fedha ambayo halmashauri ingetumia kujenga nyumba moja kutoka msingi, huenda ikakarabati kadhaa, na mkadiriaji majenzi wa halmashauri ana uwezo wa kuthibitisha hilo kwa hesabu ya wiki moja.

Haraka ipo pia. Januari 2021 Serikali na Kabanga Nickel zilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, na wilaya ya Ngara inasubiri mgodi wa nikeli kuanza uzalishaji. Siku mgodi ukiajiri kwa wingi, vyumba vya Rulenge, Bugarama, Ngara mjini na Kabanga vitapanda bei, na wa kwanza kusukumwa nje atakuwa mtumishi wa mshahara mdogo. Wilaya iliyotayarisha nyumba mapema itabaki na walimu wake.

Kwa hiyo maombi ni mawili na yote yanatekelezeka. TBA itangaze hadharani orodha ya majengo ya Serikali yaliyoko katikati ya Dar es Salaam, ikionyesha ghorofa zinazotumika na zisizotumika, kisha ichague jengo moja, lile jembamba la zama za Uhuru, iligeuze nyumba za kupanga na kuonyesha wananchi gharama, kodi na makosa yote yaliyojitokeza. Jengo moja lililokamilika litamaliza ubishi ambao makongamano hayajaumaliza.

La pili ni la madiwani wa Ngara na wa Biharamulo. Kila diwani aandike majengo ya umma yaliyoachwa katika kata yake, hali ya paa na kuta, na umbali wake kutoka shule na zahanati. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na halmashauri huandaa bajeti zake miezi kadhaa kabla, kwa hiyo orodha hiyo iwe mezani kwa mkurugenzi kabla ya kikao cha bajeti kijacho, na mwananchi wa Murusagamba ana haki ya kumuuliza diwani wake kama jengo la kata yake limo.